Nani anashika mkasi ukiwa darasani?

Safu ya Mama Fundi: maswali ya wasomaji kuhusu kazi, karakana na biashara

SWALI: Shikamoo Mama. Nina duka la ushonaji Mabibo, Dar es Salaam. Nilianza na cherehani moja ya miguu, leo ninazo tano na ovaloki moja, na mafundi wanne, wasichana watatu na kijana mmoja. Napenda sana kusoma. Nimesoma ubunifu wa mitindo, nimesoma batiki, nimesoma masoko ya mtandaoni, na sasa niko katikati ya kozi ya jioni ya kutengeneza patani, yale makaratasi ya vipimo yanayofuatwa wakati wa kukata. Shida ni kwamba nikienda darasani kazi inalala. Asubuhi nakuta vitambaa vimepangwa mezani vinanisubiri mimi. Mume wangu anasema nimekuwa mwanafunzi wa kudumu na duka halina mwenyewe. Mimi naona bado sijafikia kuitwa bosi, maana wawili kati ya wale wasichana wana mkono mzuri kuliko wangu. Nifunge madaftari nisimamie duka, au nimalize kwanza kusoma? Na Desemba hiyo inakuja na sare za shule. Fundi wa Mabibo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kutoka cherehani ya miguu hadi mashine tano na ovaloki, huku unalipa kodi ya fremu Dar es Salaam, si jambo dogo.

Katika barua yako kilichonishika ni vile vitambaa mezani. Mafundi wako wanajua kushona, wateja wapo, mashine zipo. Lakini kwenye duka lako mkasi ni mmoja, na jioni unaondoka nao.

Maduka yetu mengi yako hivyo. Mwenyewe anapima, mwenyewe anakata, mafundi wanaunganisha. Tumeurithi utaratibu huo kwa waliotufundisha, na una sababu yake: mshono ukikosewa unafumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya ndiyo basi tena. Mteja amekuletea kitenge chake, yadi sita, zawadi ya dada yake aliyeko Lubumbashi, na hata ukizunguka Kariakoo yote hukipati kingine. Nani atampa msichana aliyeanza kazi juzi akikate? Basi mwenye duka anakata kila kitu, miaka inapita, na akiugua malaria wiki moja duka zima linakaa.

Kwa hiyo ukiacha kozi leo utapata nini? Utarudi kukata, na mkasi utabaki ule ule mmoja. Mimi nakwambia uongozi wa duka lako utaanza siku utakayomkabidhi mwenzio mkasi, na namna ya kumkabidhi ndiyo nataka tuizungumze kwa kirefu.

Mchague mmoja kati ya wale wawili. Usiwaanzishe pamoja, watashindana na wewe utagawanyika. Anza na jora la kitambaa cha sare, kwa sababu ni mali ya duka, hata likiharibika hakuna mteja wa kumwomba radhi. Mpe sketi ya kawaida, ya marinda ingoje. Siku za mwanzo asiguse mkasi kabisa. Atandaze kitambaa, apange patani, achore kwa chaki, akuite. Wewe tazama uzi wa kitambaa kama umelala sawa na patani. Tazama kama ameacha nafasi ya mshono, na pindo la kutosha, maana mtoto anarefuka na mzazi atataka kuishusha sketi mwakani. Tazama kama kitambaa kimekunjwa bila kuvutwa upande mmoja.

Akikosea, usiichukue chaki. Hapa ndipo panapowashinda wenye maduka wengi. Mkono unawawasha, wananyang'anya chaki, wanachora wenyewe kwa sekunde tano, na msichana anabaki amesimama akitazama. Muulize tu, "Hapa pindo litatosha?" Kisha subiri. Mwache afute mwenyewe achore upya, hata kama mteja anapiga simu.

Akishazoea kuchora bila kusahihishwa, akate ukiwa pembeni yake. Baadaye akate ukiwa umetoka kununua zipu. Baadaye ukiwa darasani. Vitenge vije mwisho, hasa vile vyenye picha inayosimama: ndege, taa, jogoo. Chukua kipande, kikunje kama anavyokunja mtu anayebana kitambaa ili kitoshe, umwonyeshe jinsi ndege wa kifuani watakavyosimama wima na wa mgongoni watakavyokuwa kichwa chini. Akiona kwa macho yake mara moja, hasahau.

Na utenge fedha ya kitambaa kitakachoharibika. Kitaharibika. Iandike kwenye matumizi ya mwezi pamoja na umeme na mafuta ya cherehani, ili siku ikitokea usimkate mshahara wala usimgombeze mbele ya wenzake. Fundi aliyekatwa mshahara kwa kosa la kwanza atakuita kwa kila jambo ili kosa liwe lako, na vitambaa vitarudi kukusubiri mezani.

Vipimo navyo viko wapi? Kama nakufahamu wewe na wenzako, vingi viko kichwani. Nunua kaunta buku kubwa. Kila mteja apate ukurasa wake, na mpangilio uwe mmoja siku zote: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa gauni, halafu maelezo ambayo wewe peke yako unayajua, kwamba bega la kushoto limeshuka kidogo, kwamba hapendi nguo imbane kwapani. Mteja wako mkubwa akija, mwite yule msichana useme, "Mama, leo huyu ndiye atakayekupima, siku hizi anakata yeye. Mimi nipo." Ukishasema hivyo, nyamaza. Ukianza kusogeza futi mkononi mwake, mteja ataona kwamba hujamwamini, na safari ijayo atakuulizia wewe.

Sasa nije kwenye kusoma kwenyewe, maana sitaki uache.

Nilikuwa mtoto wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Mama yangu alikuwa kwenye kikundi. Watu wazima walikutana, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, na kabla ya kutawanyika walikubaliana la kufanya: nani anachimba choo, nyasi za wapi zinafyekwa, dimbwi lipi linafukiwa. Karibu watu wazima milioni mbili nchi nzima walisoma kwa mtindo huo. Sisi watoto hatukuhudhuria, lakini tuliliona somo uani, kwa sababu tulitumwa kufyeka. Kozi zako zipime hivyo. Ulichojifunza Jumanne, kinaonekana wapi dukani Ijumaa?

Kozi ya patani inapita kipimo hicho, kwa hiyo imalize. Tena ndiyo itakayokusaidia kuuachia mkasi. Sare za shule zina saizi zinazojirudia mwaka hadi mwaka. Kabla ya Desemba uwe na patani za sketi, kaptura na shati kwa kila saizi, za karatasi ngumu ya kaki, zimeandikwa saizi kwa kalamu nzito, zimetobolewa tundu na kutundikwa kwenye misumari ukutani. Mwombe mwalimu wako akusaidie kuzikagua, ndiyo kazi yake. Hapo msichana hatahitaji kichwa chako, atahitaji kusoma namba. Masoko ya mtandaoni sijui yamekuletea oda ngapi, wewe unajua. Kama hazipo, hilo somo bado hujalitumia, na hakuna haja ya kulipia jingine la kufanana nalo.

Baada ya patani, simama. Kozi inayofuata isiwe yako, iwe ya fundi wako. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, ina utaratibu wa kumtambua mtu aliyejifunzia kazini: anapimwa anavyofanya kazi, anafundishwa anapopungukiwa, anapewa cheti. Nenda naye kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nanyi muulize lini wanapokea watu wa ushonaji. Najua unachowaza, kwamba ukimsomesha ataondoka. Huenda ataondoka. Wengine hubaki, hasa anapoona mshahara umepanda pamoja na cheti. Ila nakuomba kwa moyo wangu wote, cheti chake kisikae kwenye droo yako. Nimeona wenye karakana wakishikilia vyeti vya vijana ili wasiondoke, na ni dhuluma, hata ukiiita mkataba.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kaeni wote nusu saa. Kila wiki mmoja aonyeshe kitu kimoja, kwa kitambaa mkononi, si kwa maneno. Kijana wako pengine anajua kutafuta mishono kwenye simu kuliko wewe. Zamu yake ikifika, kaa kwenye kigoda ufundishwe. Hilo la wao kuwa na mkono mzuri kuliko wako linakutia hofu bure. Bei ya kushona gauni la send-off inaamuliwa na nani? Oda ipi ikataliwe kwa sababu haitakamilika kabla ya shule kufunguliwa Januari? Mshahara wa Jumamosi unatoka Jumamosi, au unatoka "tutaangalia"? Hayo hakuna kipaji cha mshono kinachoyajibu, na hayo ndiyo wanayokungojea.

Lipo somo jingine la lazima ambalo hakuna mwalimu wa mitindo aliyekufundisha. Desemba utatamani mafundi wakeshe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na hazizidi 50 katika wiki nne. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku ina nyongeza yake. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi ni siku 84. Una wasichana watatu. Siku moja mmoja wao atakuja kukwambia ni mjamzito, na utakavyompokea siku hiyo wote watakukumbuka nayo. Isome sheria hiyo jioni mbili tatu, ipo kwa Kiswahili rahisi kwenye vijitabu vya vyama vya wafanyakazi. Kisha kaa na daftari uhesabu: saa zilizopo, mara mafundi waliopo, ni sketi ngapi? Zikijaa, funga oda.

Mumeo mwonyeshe misumari ya patani ukutani. Ataelewa.

SWALI: Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Changamwe, Mombasa. Babangu alifariki mwaka jana akaniachia gereji. Mafundi wote ni wakubwa kwangu, mmoja alinibeba nikiwa mtoto. Mimi nina diploma ya makanika lakini mikono yangu si kama yao. Nafikiria kwenda kusomea magari ya haibridi, yale yanayotumia mafuta na umeme, miaka miwili, nikirudi watanihesabu. Wakati huo binamu yangu atasimamia. Mwana wa Gereji.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba wa mzee. Mola amrehemu.

Haibridi ni kweli zinakuja, tena nyingi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile zilizouzwa Japani miaka michache iliyopita ndizo zinazoshuka bandarini hapo kwenu sasa. Na hili ni suala la roho za watu. Betri kubwa ya Prius ina zaidi ya volti 200. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi ovyo, na hata mfumo ukishazimwa kuna umeme unaobaki kwenye kapasita, kifaa kinachouhifadhi, kwa dakika kadhaa. Mzee aliyefungua injini maisha yake yote kwa spana na mikono mitupu anaweza kufa mbele yako kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Sasa ukiondoka miaka miwili, hizo gari zitaingia gereji kwenu huku wewe uko darasani. Tafuta mafunzo mafupi, ya wiki, na uende na fundi wenu wa stima. Mrudi wawili. Kabla ya hapo, nunua glavu za mpira za kazi ya umeme, zile zilizopimwa kwa volti 1,000, na useme wazi kwamba gari la haibridi hamlifungui upande wa betri mpaka mtakaporudi. Huo utakuwa uamuzi wako wa kwanza kama mwenye gereji, na mafundi watauheshimu kwa sababu unawalinda wao.

Yule mzee aliyekubeba, mwendee nyumbani kwake jioni, si gereji, na usiende mkono mtupu. Mwambie: "Baba, kazi ya chini ya gari ni yako, neno lako ndilo la mwisho. Mimi nitashika wateja, vipuri na pesa." Halafu ulishike neno lako. Mteja akikuuliza kuhusu giaboksi mbele yake, mgeuzie yeye ajibu. Lakini deni la mteja na bei ya kazi zisiamuliwe na yeyote ila wewe, hata binamu. Mafundi wasio na cheti wapeleke mmoja mmoja kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, kuanzia gredi ya tatu kwenda juu, na gereji ndiyo ilipe ada. Wapo wanaojua kazi tangu ujana na hawana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Ukitaka kujua kama mikono yako imetosha, vaa ovaroli kila asubuhi saa ya kwanza ukafanye kazi chini ya usimamizi wa mzee huyo. Hakuna atakayekudharau kwa hilo, bora saa inayofuata uwe mezani na hesabu zimefungwa.

SWALI: Mama, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza. Niliishia darasa la saba. Biashara imekua, nimeajiri kijana mhasibu mwenye shahada. Namwogopa kidogo. Akinionyesha kompyuta natikisa kichwa tu. Nianze kusomea uhasibu nikiwa na umri huu? Mama Dagaa.

JIBU: Usisomee uhasibu, mwenzangu, umeshamwajiri aliyeusomea. Jifunze kuuliza. Kila Ijumaa mwambie afunge kompyuta, akueleze kwa mdomo na kwa karatasi moja: fedha taslimu iliyopo inalingana na daftari? Nani anatudai, nani tunamdai, na tangu lini? Magunia yaliyoko stoo ni mangapi, na tuliyanunua kwa bei gani? Hayo unayajua kuliko yeye, kwa sababu wewe unaweza kuingia stoo ukahesabu magunia kwa macho. Kahesabu kweli, mara moja moja, bila kumtangazia. Kodi ya mapato inalipwa kwa awamu, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwombe akuandikie tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu, na risiti ya malipo uishike wewe.

Akikueleza kitu usikielewe, sema, "Mwanangu, rudia, sijaelewa." Mhasibu mwaminifu atafurahi kurudia. Akikasirika, au akikwambia haya mambo ni magumu kwako, hapo ndipo uanze kuangalia vitabu na mtu mwingine. Na mara mbili tatu kwa mwaka mpeleke kwenye boti alfajiri, dagaa wanaposhushwa, aone jinsi gunia la dagaa wenye mchanga linavyotofautiana na safi. Hesabu zake zitakuwa nzuri zaidi akishajua anahesabu nini.